Mama wa Wamino

Mtaa mzima wa Makorora, Tanga, ulimjua Mwatumu Uweso kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ni yeye aliyekuwa analia kwenye vipaza sauti vya wachuuzi: dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, anapanda, anashuka, anabembeleza, mpaka hata asiye na panya nyumbani anaanza kuchungulia uvunguni. Mchuuzi alimrekodi kwenye simu, akatundika kipaza sauti kwenye baiskeli, akaenda zake. Mwatumu alibaki kibarazani anakaanga bagia na kusikia sauti yake ikipita barabarani bila yeye.

Kipaji hicho hakukipata kwa raha, na wanaosema amezaliwa nacho wanasema tu. Alizaliwa kijiji kimoja upande wa Maramba, mtoto pekee wa Bi Tausi, mwanamke wa Kidigo aliyekijua Kiswahili lakini akakiweka kama viatu vya safari. Ndani ya nyumba ilikuwa Kidigo asubuhi mpaka usiku. Shuleni ilikuwa mambo mengine. Mtoto akiponyokwa na neno la kilugha, mwalimu alimvisha shingoni kibao cha mbao chenye kamba, na hakuvuliwa mpaka amnase mwenzake akikosea vilevile. Mwatumu alikivaa mno kile kibao. Wenzake walimwita kwa majina ambayo sitayarudia hapa, maana baadhi yao sasa ni watu wazima wenye heshima zao misikitini.

Siku moja, kibao kikiwa kifuani, akamwigiza mwalimu mkuu: kikohozi chake, pua yake, namna alivyovuta maneno kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Darasa likavunjika mbavu. Siku hiyo hakuna aliyemcheka yeye. Akaelewa jambo ambalo limemlisha na kumponza mpaka leo, kwamba watu ukiwapa wa kumcheka, wanakusahau wewe. Akaanza kuiga kila mtu: muadhini, mnadi wa gulio, karani wa shamba la mkonge. Mtu pekee ambaye hakumwiga alikuwa mama yake, na hakuna aliyemkataza, ni yeye mwenyewe tu hakuthubutu.

Katika utoto wake kulikuwa na mwaka wa njaa. Vuli haikunyesha, mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa goti, watu wakala makopa ya muhogo na mboga ya mchunga isiyo na hata nazi. Jioni Bi Tausi alipakua sahani moja. Kisha alisimama mlangoni akaita, "Ndzo urye, mwanangu. Mino nkarya." Njoo ule, mwanangu, mimi nimekula. Mwatumu alikula, na mama yake akakaa pembeni anachokonoa meno kwa kijiti kama mtu aliyeshiba pilau. Mwanzoni mtoto aliamini. Baadaye akawa haamini lakini bado alikula, kwa sababu njaa haina adabu. Mifupa ya mabega ya mama yake ilianza kuonekana juu ya kanga, na kila jioni aliita vilevile, kwa sauti ileile nyepesi.

Aliolewa, akaletwa Tanga mjini. Mumewe, Rama, alivuka mpaka kwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi na mke kwa mpigo mmoja. Akabaki Mwatumu na binti yake, Samiha, na bagia, na panya wa watu. Mwatumu alimlea Samiha kwa Kiswahili kitupu. Hakutaka mwanawe avishwe kibao chochote shingoni, hata kile kisichoonekana. Ukimuuliza siku hizi atakwambia alikuwa anamlinda mtoto, na huo ni ukweli, ingawa aliona haya pia.

Basi, Godlisten akasikia dawa ya panya.

Huyu Godlisten ni kijana wa Moshi, mpole, mwenye miwani, aliyepanga ghorofa moja kuukuu Chumbageni na kuweka kompyuta zake humo pamoja na wachoraji wachache. Walikuwa wanatengeneza katuni ya kuchekesha ya viumbe kutoka sayari nyingine. Chombo chao kiliharibika angani kikaanguka katikati ya shamba la mkonge nje ya Tanga. Viumbe hao walikuwa na vichwa virefu kama mapapai, macho matatu, matumbo ya kuning'inia, na walitembea kinyumenyume. Waliposhuka waliona mkonge umesimama kwa mistari hadi upeo wa macho, wakadhani hao ndio wenyeji wa dunia. Wakauinamia kwa adabu. Kila walipoinama walichomwa, na kila walipochomwa waliomba radhi wakainama tena. Ilichekesha kweli, lazima tuseme haki.

Kati yao kulikuwa na mama mmoja mkubwa, mlafi, aliyemeza kila kilicho mbele yake: sufuria, baiskeli, mbuzi wa jirani. Godlisten alimtaka Mwatumu amtolee sauti. Kwenye karatasi ya maneno, penye zamu ya kiumbe huyo, waliandika tu: makelele ya ajabu.

"Dada Mwatumu, sema chochote," Godlisten akamwambia. "Usifikiri. Kisiwe Kiswahili, basi."

Mwatumu akavaa vile vya masikioni, akasogea kwenye kipaza sauti. Kwenye kioo cha kompyuta yule mama alikuwa amemaliza kumeza sufuria la watu na wanawe wanamtazama. Mwatumu akafungua mdomo. Alichokitafuta ni makelele, kilichotoka ni Bi Tausi. "Mino nkarya," akasema, kwa sauti nyepesi ya mlangoni, na tumbo la kiumbe likatikisika kwenye kioo.

Wachoraji walicheka wakalala juu ya meza. Godlisten alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Wakamwomba arudie, akarudia. Wakamwomba aongeze, akaongeza "ndzo urye", akaongeza ile dz na ile kpw ambazo wasio Wadigo huzisikia kama mtu aliyekabwa na mfupa. Kila alichokitoa kilizaa kicheko, na wewe unajua Mwatumu na kicheko cha watu.

"Hii lugha umeitoa wapi?" Godlisten akauliza.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kama uwanja, hakuna aliyemziba mdomo, hakuna mwalimu wala kibao. Mwatumu akacheka na wengine akajibu, "Nimeibuni tu."

Viumbe wakapewa jina siku hiyohiyo. Waliitwa Wamino.

Katuni ikaenda kama moto wa makuti, kwanza kwenye simu, halafu kwenye runinga. Nchi nzima ikajifunza maneno mawili. Mtu akikutwa na mfupa wa kuku mdomoni, anasema mino nkarya. Kiongozi akituhumiwa kula mali ya umma, vijana wanaandika chini ya picha yake, mino nkarya. Waliuza fulana zenye lile tumbo. Wadigo wa Tanga, bila shaka, walijua tangu siku ya kwanza. Wengine walicheka kwa kuziba midomo, wengine walisema afadhali tumetajwa, na wapo waliopita mbele ya bagia za Mwatumu bila salamu. Habari zikamfikia Godlisten. Hakukasirika kabisa. "Kumbe ni Kidigo," alisema. "Safi zaidi, hatutasumbuka kubuni." Akamwomba alete maneno mengine.

Na akaleta. Alipiga moyo konde, akajiambia mama yuko mbali, hana runinga, na macho yake hayaoni. Ni kweli hayakuwa yanaona. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda Bi Tausi pande zote mbili. Kule kijijini waliokuwa na simu kubwa waliiona katuni, wakamstahi, hakuna aliyemwambia.

Ila mtoto wa jicho anatibiwa mjini. Ndugu wakampakia Bi Tausi, wakamleta Makorora kusubiri upasuaji.

Alifika na mkungu wa ndizi na kashata alizokaanga mwenyewe, anapapasa ukuta, anafurahi. Samiha akampa shikamoo. Bi Tausi akaitikia marahaba, halafu akamwaga Kidigo chake chote kwa mjukuu, vile alivyozoea kumwaga kwa watoto. Samiha akatoa macho, akamkimbilia mama yake jikoni.

"Mama, bibi naye anaangalia Wamino?"

Mwatumu alikuwa anakuna nazi. Akasema, "Kamletee bibi maji."

Mtaa ukajua siku ya pili. Bi Tausi alikaa kibarazani na sahani ya kashata magotini akaita watoto waliokuwa wanapita, ndzoni, ndzoni. Watoto wakaganda. Kisha mmoja akapiga kelele, "Mino nkarya!" na wote wakapokea, mino nkarya, mino nkarya, huku mikono yao ikichota kashata. Bi Tausi akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Jioni alimwambia binti yake kwa Kidigo, uso unang'aa:

"Watoto wa huku mmewalea. Kumbe mjini Kidigo hakijafa. Nawaita, wananijibu wamekula, wana haya hata wakipokea cha mtu. Sisi wa shamba ndio tunaosema watoto wa mjini hawana adabu."

"Ndiyo, mayo," Mwatumu akasema. Mayo ni mama.

Angemwambia vipi? Akala kiapo kwamba atamwambia kesho. Kesho yake Bi Tausi aliomba nazi nyingine na sukari, akakaanga kashata zaidi kwa kupapasa, akaungua kidole, akarudi kibarazani kuwagawia wale mahodari. Wakaja wengi zaidi. Mwatumu alitoka na mwiko akawafukuza, na mama yake akamgombeza kwa choyo. Mwanamke huyo hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu amzike mumewe, na binti yake alikaa jikoni akitamani ardhi ipasuke. Alimwonya Samiha asithubutu kumwonyesha bibi katuni. Hakumweleza kwa nini, na mtoto usipomweleza kwa nini, umemwambia nusu tu.

Upasuaji ulikwenda salama. Bandeji ilipotolewa, Bi Tausi alimshika Samiha mashavu akamtazama sana, akasema mtoto amechukua pua ya kwao. Alitazama mikono yake mwenyewe akashangaa ilivyozeeka. Kisha akataka kukaa kibarazani, awaone wale watoto wake wazuri.

Aliwaona. Walikuja kinyumenyume, wamejaza nguo matumboni, wamelegeza midomo, na mmoja, wa mbele, alikuwa anamwigiza yeye kupapasa ukuta. Mino nkarya, wakaimba. Bi Tausi alishusha sahani. Hakuwafukuza. Alimwita mjukuu wake akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha safari, "Wanacheza mchezo gani hawa?"

Samiha aliona hapo hakuna kosa. Bibi ameuliza, na bibi akiuliza unajibu. Tena alikuwa na fahari yake moyoni, kwa sababu shuleni kila mtu alimpenda kwa ajili ya Wamino. Akaleta simu, akakaa naye mkekani.

"Huyu mkubwa, bibi, ndiye mama. Mama yangu."

Mwatumu alirudi kutoka Chumbageni alasiri hiyo akawakuta. Alisikia kabla ya kuona. Sauti yake mwenyewe ilitoka mkekani, nyepesi, ya mlangoni, ikifuatwa na kishindo cha tumbo na kicheko cha mashine. Bi Tausi alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Hakuinua uso mpaka kipande kikaisha, na macho yake mapya yalikuwa yanaona kila kitu, mkonge, sufuria, mbuzi.

"Ni wewe?" akauliza kwa Kidigo.

"Ni kazi tu, mayo. Ni mchezo. Hawakusemi wewe."

Bi Tausi alimrudishia mjukuu simu. Alinyoosha kanga yake magotini. Alipofungua mdomo tena alisema Kiswahili, polepole, neno moja moja, kama anavyosema na wauguzi.

"Siku zile nilikuwa sijala, Mwatumu."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

Mwatumu alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, kwa kilio, hata kwa laana, Mungu apishe mbali. Alipiga magoti mkekani, akaomba radhi kwa Kidigo, chote alichokuwa nacho, kile cha nyumbani, na Samiha alikuwa anatazama kwa sababu hakuwahi kusikia mama yake akisema maneno ya Wamino huku analia. Bi Tausi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe. Inuka." Kwa Kiswahili.

Alimsamehe kweli, na hili ndilo watu hawalielewi wanapoisimulia habari hii. Hakununa. Alikula, alisali, aliulizia bei ya nazi. Ila Kidigo hakikutoka tena mdomoni mwake ndani ya nyumba ile. Mwatumu alimwambia jambo kwa Kidigo, akajibiwa Kiswahili. Alimwuliza kama anataka madzi, akaambiwa, naomba maji. Wakati mwingine bibi alikwama, neno halijui, akalitafuta, na Mwatumu alijua neno lenyewe kwa Kidigo lipo pale kwenye ncha ya ulimi, mama yake analimeza. Samiha ndiye aliyefurahi. "Siku hizi bibi anasema vizuri," alisema. "Namwelewa."

Bi Tausi akarudi kwao.

Mwatumu alikwenda kwa Godlisten akamwambia yale maneno yatolewe. Godlisten alisikiliza kwa huruma ya kweli, akampa kiti, akampa soda. Akasema anamwelewa sana dada yake, lakini maneno hayo ndiyo Wamino wenyewe, ukiyatoa unabaki na mapapai yenye miguu. Basi Mwatumu akaacha kazi. Wakamtafuta mwanamke mwingine, mtu wa Dodoma, asiyejua Kidigo wala Mdigo. Alikaa na vipande vya zamani akamwiga Mwatumu akimwiga Bi Tausi, na alimpata barabara. Watazamaji hawakugundua. Mwatumu akarudi kwenye bagia na panya wake.

Anakwenda Maramba kila apatapo nafasi. Safari ya majuzi alifika mchana, jua kali, mlango wa mbele umefungwa. Akasikia watu nyuma ya nyumba, akazunguka kwa kupitia migombani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anapura kunde na jirani yake mpya, Devota, mwanamke wa milimani ambaye mumewe amepata shamba pale karibu. Walikuwa wanasimulizana. Bi Tausi alikuwa anasema Kidigo, chote, kinabubujika, na mikono yake inakwenda, na Devota, aliyefika juzi tu, anamjibu kwa Kidigo cha kuokoteza, kibovu, na Bi Tausi anamrekebisha neno kwa neno kwa upole uleule wa zamani, wanacheka. Mwatumu alisimama pale migombani. Alitaka kukaa hapo mpaka jua litue, asionekane, asikilize tu. Lakini huwezi kujificha nyumbani kwenu kama mwizi. Akabisha hodi.

Kidigo kikakatika.

"Karibu, Mwatumu," mama yake akasema. "Habari za Tanga? Samiha hajambo?"

"Hajambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pita, kaa."

Devota akampisha mahali mkekani. Alikuwa mtu mchangamfu, na hakujua lolote. Akawatazama, mama na binti, akashangaa, akamgeukia Bi Tausi.

"Bibi, mimi mgeni unanifundisha, kumbe mwanao hukumfundisha? Hajui Kidigo?"

Mwatumu hakusubiri. Akamjibu Devota kwa Kidigo, kirefu, safi, cha utotoni, akamweleza amezaliwa katika nyumba hii, kitovu chake kimezikwa nyuma ya kile choo, hakuna neno la mama yake asilolijua. Devota akapiga makofi kwa furaha.

"Mbona anajua, tena sana."

Bi Tausi alichukua kunde kiganjani, akazipuliza makapi, akazitia kwenye ungo. Hakuwa na hasira usoni, hata kidogo.

"Anaigiza," akasema kwa Kiswahili. "Ndiyo kazi yake."

Kisha akamwuliza binti yake kama amekula, na Mwatumu akasema ndiyo, ingawa tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni, akavuta ungo akaanza kumsaidia kuchambua kunde.